Gitaa linalovuma kama mzinga wa nyuki: ethi, waya wa ardhi na foili

SWALI: Napiga gitaa la solo katika kwaya yetu. Gitaa langu ni nakala ya gitaa la umeme aina ya Stratocaster yenye pikapu (vinasa mlio wa nyuzi) tatu za koili moja moja. Nikiliunganisha na amplifaya linalia kama mzinga wa nyuki. Nikigusa nyuzi mlio unapungua sana, nikiondoa mkono unarudi. Fundi wa kwanza aliniambia pikapu zimekufa. Wa pili alisema waya wa ardhi umekatika. Fundi mitambo wa kanisa amenishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, kwa sababu alipoijaribu bila ethi, huku ikiwa imeunganishwa na mixa, mvumo ulipungua kweli. Nimeshanunua foili ya alumini ya jikoni. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya jambo lolote nakuomba usiikate pini hiyo, na kama imeshakatwa, plagi ibadilishwe kabla ya ibada ijayo. Nitaeleza sababu baada ya kukujibu kuhusu gitaa lenyewe, kwa maana dalili uliyoitaja mwenyewe inatosha kuonyesha kwamba mafundi wawili wa kwanza walikosea. Pikapu zako hazijafa, na waya wa ardhi haujakatika.

Nyaya za umeme zilizomo ukutani, taa za mirija, taa za LED na chaja za simu hutawanya uga wa umeme katika chumba kizima. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme na kuudaka uga huo kama antena, kisha huuhamishia kwenye kitu chochote kilicho karibu nao. Wewe unapopiga, pikapu na nyaya za ndani ya gitaa ziko sentimita chache tu kutoka tumboni mwako. Unapogusa nyuzi, mwili wako unaunganishwa na ardhi ya gitaa (upande wa sifuri wa nyaya zake) kwa njia ndefu lakini isiyokatika: kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye daraja, kutoka kwenye daraja hadi kwenye springi za nyuma na kile kipande cha chuma kinachozishikilia, kisha kwa waya mmoja hadi kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti, hadi kwenye jeki (tundu la kuchomekea kebo), na kupitia kebo hadi kwenye chasisi, yaani kasha la chuma, ya amplifaya. Hapo mwili wako unaacha kuwa antena na unageuka kuwa sehemu ya kinga. Mlio unaopungua unapogusa nyuzi ni ushahidi kwamba njia hiyo yote ni nzima. Kilichopungua katika gitaa lako ni kinga yake lenyewe, ili lisitegemee mkono wako.

Kama waya huo ungekuwa umekatika, ungegusa nyuzi bila kusikia tofauti yoyote, lakini ukigusa bamba la chuma la jeki mlio ungepungua. Na kama mlio ungeongezeka unapogusa nyuzi, ningekuambia ama nyaya mbili za jeki zimebadilishana nafasi, ama ethi ya jengo ina kasoro. Mafundi wengi hawaulizi swali hili moja, nalo ndilo linalookoa muda na fedha za mteja kuliko mengine yote.

Kuhusu pikapu, usiamini neno la mtu yeyote, hata langu, ilhali mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kulimaliza suala. Chomeka kebo kwenye gitaa, ncha ya pili iache bila kuiunganisha na kitu, fungua sauti yote, weka mita kwenye kipimo cha omu, kisha gusa ncha ya plagi kwa waya mmoja na shina lake kwa waya wa pili. Pikapu ya koili moja ya aina hii kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7. Swichi ya kuchagua pikapu ikiwa katika nafasi ya pili au ya nne, ambako pikapu mbili hufanya kazi pamoja, kipimo kitashuka hadi karibu nusu. Koili iliyokatika haisomi hivyo: pikapu yake ikiwa peke yake, mita huonyesha namba kubwa mno, ambayo kwa kweli ni ya kidhibiti cha sauti tu.

Sasa turudi kwenye pini. Fundi mitambo wenu hakukudanganya aliposema mvumo ulipungua. Nimeusikia ukipungua namna hiyo mara nyingi. Amplifaya yako imechomekwa karibu na madhabahu, mixa imechomekwa nyuma ya ukumbi, na kebo inaziunganisha. Kila kifaa kina ethi yake ukutani, na kebo hiyo inazifunga ethi mbili kuwa kitanzi kikubwa kinachozunguka jengo lote. Mkondo mdogo hupita katika kitanzi hicho, na spika huutoa kama mvumo wa hezi 50, yaani masafa yale yale ya umeme wetu wa volti 230 au 240. Ukikata pini, umekata kitanzi, na mvumo umepungua. Lakini umekata pia njia pekee ya kutegemewa ambayo umeme ungeipitia endapo transfoma ya amplifaya itaungua au waya wa ndani utagusa chasisi. Siku hiyo chasisi inaweza kuwa na volti 230, na njia ile ile niliyoisifu hapo juu, kutoka kwenye chasisi hadi kwenye nyuzi, itazileta volti hizo hadi kwenye vidole vyako. Wewe utakuwa umeshika gitaa kwa mkono mmoja, na midomo yako inakaribia maikrofoni iliyounganishwa na mixa yenye ethi.

Hili si la kutishana. Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows la Scotland, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sahihi huku akiwa na gitaa lake. Kwa hiyo, ukihisi mwasho au mtekenyo kwenye midomo unapokaribia maikrofoni, au vidoleni unapogusa nyuzi, weka gitaa chini, zima amplifaya, na usipige tena hadi fundi umeme aliyesomea kazi yake apime soketi zote mbili. Mwombe pia aangalie kama jengo lina swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya milliampea 30. Ni kifaa cha bei nafuu ukilinganisha na spika moja, na ningependa kila kanisa na kila ukumbi wenye bendi uwe nacho.

Kitanzi kinaweza kukatwa bila kugusa ethi. Njia rahisi kuliko zote ni kuweka maikrofoni mbele ya spika ya amplifaya na kuondoa kabisa kebo inayotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye mixa, kwa sababu hewa haipitishi mkondo wa ethi. Njia ya pili ni kisanduku cha DI, yaani cha kuunganisha ala na mixa, chenye transfoma ndani na swichi ya kutenganisha ardhi, ambacho hupitisha sauti bila kuunganisha ardhi za pande mbili. Swichi hiyo inatenganisha ardhi ya kebo ya sauti tu. Ethi ya ukutani inabaki ilivyo, na ndiyo maana ni salama. Kuchomeka amplifaya na mixa kwenye soketi moja kwa waya mrefu husaidia pia, ila si mara zote.

Kabla ya kufungua gitaa, fanya majaribio matatu, nayo hayatakuchukua dakika kumi. Kwanza, punguza sauti ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikibaki vile vile, chanzo chake hakimo ndani ya gitaa. Tafuta kwenye kebo, pedali, chaja ya pedali au amplifaya. Pili, kaa kitini ukiwa umeshika nyuzi, kisha jizungushe taratibu pamoja na gitaa. Kelele ikizidi upande mmoja na kukaribia kutoweka upande mwingine, hiyo ni ya uga wa sumaku. Tatu, ondoa mikono kwenye nyuzi, kisha mwenzako azime taa moja moja na kuchomoa chaja za simu. Ule mlio mkali wa nyuki unaotokana na uga wa umeme utabadilika kadiri vifaa vinavyozimwa, lakini hautajali sana umeelekea wapi.

Nimetenga majina mawili kwa makusudi, na ninaomba uyashike. Mvumo ni sauti nzito ya chini, kama ile ya transfoma ya mtaani usiku. Mlio wa nyuki ni mwembamba, mkali na wenye kukwaruza. Foili huua mlio wa nyuki, lakini haiugusi mvumo. Uga wa umeme unasimamishwa na tabaka jembamba la chuma chochote lililounganishwa na ardhi, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1836 kwa chumba alichokizungushia foili. Uga wa sumaku wa hezi 50, ambao ndio huleta mvumo kwenye pikapu, ni kitu kingine: ili shaba iudhoofishe hadi kiasi cha theluthi moja, ingehitaji unene wa karibu milimita 9, wakati foili ya kubandika ndani ya gitaa haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita moja. Wapo wanaouza foili kwa ahadi ya kuondoa kila kelele, na wanunuzi wao hubaki wakidhani wamekosea kubandika, kumbe walipewa ahadi isiyowezekana.

Kwa kuwa mlio wako unapungua ukigusa nyuzi, sehemu kubwa ya tatizo lako ni uga wa umeme, na foili itakufaa. Chomoa gitaa kwenye amplifaya, ondoa nyuzi, kisha fungua skrubu za bamba la plastiki la mbele. Kwa kawaida ni 11. Ligeuze taratibu, kwa maana pikapu, swichi na vidhibiti vyote vimening'inia hapo, na nyaya zinazokwenda kwenye jeki na kwenye springi za nyuma ni fupi. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote.

Anza na viungo vya lehemu. Wiki chache zilizopita nililetewa gitaa la besi ambalo mwenyewe alikuwa ameshalibandika shaba kila mahali, kwa uangalifu ambao ningeweza kuuonea fahari ningeufanya mimi, na bado lilikuwa likilia. Nilishika kwa kibano waya wa ardhi uliolehemiwa kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti, nikauvuta kidogo, na tone zima la lehemu likabanduka kama kigaga kikavu. Chini yake chuma kilikuwa kinang'aa, bila alama yoyote ya kushikana. Hiyo ndiyo tunayoiita lehemu baridi: tone lina rangi ya kijivu iliyofifia, limekaa juu kama shanga badala ya kutandaa, na linagusa leo na kesho haligusi. Mgongo wa kidhibiti hunyonya joto sana, kwa hiyo chuma cha kulehemu cha wati 25 hakitoshi. Tumia cha wati 40 hadi 60. Kwaruza mahali pa kulehemu kwa msasa mpaka pang'ae, pasha joto chuma chenyewe kwa sekunde tatu au nne, kisha ndipo uguse kwa lehemu. Ikitandaa yenyewe, imeshika. Nawa mikono baadaye, kwa sababu lehemu ya kawaida ina risasi.

Foili yako ya jikoni usiirudishe dukani. Kwa upande wa umeme, alumini ni kinga nzuri, na magitaa mengi yametoka kiwandani na kipande cha foili ya alumini chini ya bamba la mbele. Ubaya wake ni kwamba lehemu ya kawaida haiishiki, na gundi utakayoitumia itaziba mguso kati ya kipande na kipande. Kwa hiyo itumie chini ya bamba la mbele: ibandike kwa gundi nyembamba, ikate kwa wembe kuzunguka matundu ya pikapu, na hakikisha miili ya vidhibiti na swichi inaikandamiza inapokazwa kwa nati zake, maana huo mkandamizo ndio utakaoiunganisha na ardhi.

Kwa mashimo ya mbao ningekushauri utafute mkanda wa shaba wenye gundi inayopitisha umeme. Ubandike kwanza kwenye sakafu ya shimo, kisha kwenye kuta, kila kipande kikilalia kingine kwa nusu sentimita au zaidi, na vipande vichache vifike hadi juu ya mdomo wa shimo ili vigusane na foili ya bamba la mbele litakapofungwa. Usiamini gundi peke yake. Weka tone dogo la lehemu mahali vipande vinapokutana, kisha lehemu waya mmoja kutoka kwenye shaba hadi kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti. Shimo la jeki katika Stratocaster limejitenga, na watu hulisahau. Nalo libandikwe na lipelekewe waya wake. Shimo la springi nyuma halina haja ya foili. Rangi nyeusi yenye kaboni hufanya kazi pia, hasa katika mashimo yenye kona nyingi, ila inahitaji kupakwa zaidi ya mara moja, na waya wake wa ardhi hufungwa kwa skrubu, kwa sababu rangi hailehemiki.

Mahali penye hatari zaidi ni jeki. Ina miguu miwili: mmoja wa ardhi, mwingine wa sauti, unaoshikana na ule ulimi mrefu unaogusa ncha ya plagi. Shimo likishakuwa na shaba, ulimi huo unasogea plagi inapoingia na unaweza kugusa ukuta. Gitaa litanyamaza kimya kabisa. Bandika utepe wa fundi umeme juu ya shaba mahali ulimi unapoelekea, na vivyo hivyo chini ya swichi ya pikapu. Kaza nati ya jeki vizuri, kwa maana jeki inayozunguka ndiyo inayokata nyaya zake yenyewe.

Huenda ukaambiwa kwamba nyaya za ardhi ndani ya gitaa zisifanye kitanzi hata kimoja, eti kila waya uende peke yake hadi sehemu moja. Ni usafi mzuri wa kazi, na mimi hupenda kuufuata, lakini usikose usingizi kwa ajili yake. Kitanzi cha upana wa kiganja ndani ya gitaa hudaka kidogo mno, ukikilinganisha na koili ya mizunguko karibu 8,000 iliyo pembeni yake. Kiungo kibovu ndicho kinachostahili wasiwasi wako.

Kabla ya kufunga, rudi kwenye mita. Weka waya mmoja kwenye shina la jeki, na wa pili ugusishe kwenye daraja, kwenye mgongo wa kila kidhibiti, kwenye kila ukuta wa shaba na kwenye foili ya bamba. Kila mahali pasome chini ya omu 1 au karibu na hapo. Kisha gusa shina na mguu wa sauti sauti ikiwa imefunguliwa yote: ukipata kilo-omu zako 5 hadi 7 kama mwanzo, hakuna kitu kilichogusana vibaya. Ukisoma sifuri, waya wa sauti umegusa foili mahali fulani, na ni afadhali uutafute sasa kabla hujarudisha skrubu 11.

Ukimaliza, mlio wa nyuki utapungua sana hata ukiwa hujagusa nyuzi. Kitakachobaki ni mvumo mzito kwenye nafasi ya kwanza, ya tatu na ya tano ya swichi, na huo ni wa asili ya koili moja. Usiruhusu mtu akuuzie foili nyingine kwa ajili yake. Jaribu nafasi ya pili na ya nne: ikiwa pikapu ya kati ya gitaa lako imezungushwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, kama ilivyo katika magitaa mengi ya siku hizi, mvumo wa pikapu moja utafuta wa nyingine. Ni kanuni ile ile aliyoitumia Seth Lover wa kampuni ya Gibson alipoombea hataza pikapu ya koili mbili mwaka 1955. Ukitaka ukimya huo katika kila nafasi, zipo pikapu zenye koili mbili zilizopangwa juu na chini katika umbo la pikapu ya kawaida, ingawa sauti yake haina ung'avu ule ule, na kwa solo za kwaya mimi ningebaki na koili moja.

Kabla ya kununua chochote, sogea mbali na amplifaya. Transfoma yake ndiyo mara nyingi chanzo kikuu cha mvumo jukwaani, na uga wake hufifia haraka sana: ukiongeza umbali mara mbili, unabaki karibu sehemu moja ya nane. Kama sasa unakaa mita moja kutoka kwake, sogea hadi mita mbili au tatu, kisha geuka taratibu kama ulivyofanya kitini, hadi upate upande ambao mvumo unazama. Weka alama ya utepe sakafuni mahali hapo.